Siku PTEN Iliporudishwa Ndani ya Seli

Katika vitabu nilivyosomea shahada ya kwanza, lipidi zilipewa kurasa chache tu. Tulifundishwa kwamba ni mafuta yanayojipanga katika tabaka mbili na kufanya utando wenye unene wa takribani nanomita 5, na kwamba kazi ya utando huo ni kuitenga seli na mazingira yake, huku shughuli zote za maana zikiachiwa protini. Profesa aliyenisimamia katika masomo ya uzamivu hakukubaliana na mafundisho hayo hata kidogo. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitoa kwa familia moja ndogo ya lipidi, fosfatidilinositoli, ambazo kichwa chake, kile kinachoelekea ndani ya seli, ni pete ya inositoli yenye kaboni 6. Pete hiyo hubandikwa fosfeti katika nafasi ya 3, ya 4 au ya 5, na kila mpangilio huzivuta protini zake kuja kwenye utando. Fosfeti ikibanduliwa, protini hizo huachia na kurudi zilikotoka. Kwa Profesa, kujua ni kimeng'enya kipi kinachobandika na kipi kinachobandua ndiyo iliyokuwa njia ya kuelewa kwa nini seli moja hutulia mahali pake na nyingine hugeuka kuwa saratani.

Kabla hajaniruhusu kugusa pipeti alinitaka nisome kazi za zamani kwa mfuatano wake. Nilianza na ile ya mwaka 1953, ambapo Mabel Hokin na Lowell Hokin walivitia asetilikolini vipande vya kongosho la njiwa, wakakuta fosforasi ya mnururisho ikiingia kwa wingi katika fosfolipidi. Wakati ule haikueleweka kwa nini kemikali inayoichochea kongosho kutoa vimeng'enya vya mmeng'enyo iyaguse pia mafuta ya utando. Ilipita miaka 30 hivi mpaka Michael Berridge na wenzake walipoonyesha, mwaka 1983, na safari hii tena katika seli za kongosho, kwamba kipande kiitwacho IP3, kinachopatikana PIP2 ya kwenye utando (fosfatidilinositoli yenye fosfeti katika nafasi za 4 na 5) inapokatwa, huifungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Halafu mwaka 1988 kundi la Lewis Cantley likaeleza kimeng'enya kinachobandika fosfeti katika nafasi ya 3 ya pete, nafasi ambayo hapo awali haikuwa ikifikiriwa. Kimeng'enya hicho ndicho PI3K, na kikiifanyia kazi PIP2 hupatikana PIP3, yenye fosfeti katika nafasi zote tatu.

PIP3 ndiyo iliyonivutia. Katika seli iliyotulia karibu haionekani kabisa, lakini insulini au kichocheo cha ukuaji kikiigusa seli kutoka nje, PIP3 huongezeka kwa kasi kwenye utando, na protini iitwayo Akt huifuata, hushikwa hapo, huamshwa, kisha huiambia seli ikue na isijiue. Ni wazi kwamba agizo la namna hiyo lisipokomeshwa litaleta madhara, na kimeng'enya cha kulikomesha kilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa wakiisaka jeni inayopotea kwenye kromosomu ya 10 katika uvimbe wa ubongo, matiti na tezi dume waliipata PTEN. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti kwenye protini, dhana ya kwanza ilikuwa kwamba nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Tomohiko Maehama na Jack Dixon walionyesha kwamba shabaha yake ni lipidi: PTEN huibandua ile fosfeti ya nafasi ya 3 na kuirudisha PIP3 kuwa PIP2.

Kisa ninachotaka kukieleza kilitokea mwanzoni mwa masomo yangu. Profesa alishikilia kwamba nisianze swali langu mwenyewe kabla sijayaona kwa macho yangu, katika seli hai, mambo ambayo wengine walikwisha kuyathibitisha. Wapo wanaoliona zoezi la aina hiyo kuwa kupoteza muda. Mimi naamini mpaka leo kwamba ndilo linalomfanya mtu aache kuikariri biolojia na aanze kuielewa.

Tulitumia seli za U-87 MG, zilizotokana na saratani ya ubongo aina ya glioblastoma, ambazo PTEN yake imeharibika na haifanyi kazi. Ili tuione PIP3, tuliziingizia seli hizo plasmidi, yaani DNA ndogo ya mviringo inayobeba jeni, inayotengeneza kile kipande cha Akt kinachoishika lipidi hiyo, kikiwa kimeunganishwa na ile protini ya kijani ing'aayo iliyogunduliwa kwa mara ya kwanza katika yavuyavu wa baharini. Pamoja nayo tuliingiza plasmidi ya pili kwa kiasi kikubwa zaidi, ili seli yoyote itakayong'aa iwe na uwezekano mkubwa wa kuwa imezipokea zote mbili. Sahani ya kwanza ilipata plasmidi tupu, ya pili PTEN kamili, na ya tatu PTEN yenye badiliko moja, yaani G129E, ambapo glisini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga protini, iliyoko nafasi ya 129 imekuwa glutamati. Sahani ya nne ilikuwa ya kulinganishia: kipande chenyewe cha Akt kilibadilishwa asidi amino ya nafasi ya 25, kutoka arijinini kuwa sisteini, badiliko linalokinyima uwezo wa kuishika PIP3.

Badiliko la G129E linastahili maelezo zaidi, kwa sababu jaribio zima lilikuwa na maana kwa ajili yake. Lilipatikana kwa watu wa familia zenye ugonjwa wa Cowden, ambao huota vivimbe vingi visivyo na madhara makubwa, lakini hatari yao ya kupata saratani ya matiti, ya tezi ya shingo na ya mji wa mimba ni kubwa kuliko ya watu wengine. PTEN yao iliyopimwa ndani ya neli iliweza bado kuondoa fosfeti kwenye protini, ila ilishindwa kuiondoa kwenye lipidi. Kwa maneno mengine, maumbile yenyewe yalikuwa yamezitenganisha kazi mbili za kimeng'enya kimoja, na watu waliobaki na ile kazi ya protini peke yake walikuwa wakiugua.

Seli zililala bila seramu usiku kucha ili pasiwe na kichocheo chochote cha ukuaji kutoka nje. Asubuhi, fundi sanifu wetu wa maabara alizifuta sahani alama zangu, akazipa namba mpya, na ufunguo wa namba hizo akaufungia kwenye bahasha. Huo ulikuwa utaratibu wa Profesa: anayetazama asijue anatazama nini, kwa kuwa jicho linalotamani jambo hulikuta hata pale lisipokuwapo.

Chumba cha hadubini kilikuwa na giza, na jukwaa la sahani limepashwa hadi nyuzi 37. Katika sahani ya kwanza niliyoiweka, kila seli iliyong'aa ilikuwa imezungushiwa mstari mwembamba wa kijani kwenye ukingo wake, na pale utando ulipojikunja mstari ulikuwa mkali zaidi. Ndani palikuwa na mwanga hafifu, ukiwemo wa kwenye kiini, kwa kuwa kipande kile ni kidogo na hupenya humo bila shida. Nilikaa nikiutazama mstari ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Seli hizi hazikuwa zimepewa kichocheo chochote, hazikuwa zimeambiwa na yeyote zikue, lakini agizo la kukua lilikuwa limeandikwa pande zote za utando wake. Sahani iliyofuata ilikuwa kinyume kabisa: mwanga ulitapakaa mwili mzima wa seli na ukingo haukuwa na chochote cha kuutofautisha. Ya tatu ilikuwa na mstari kama ya kwanza, na ya nne ilitapakaa kama ya pili. Niliandika maelezo ya kila seli kwenye daftari, nikapima ukali wa mwanga wa ukingoni dhidi ya ule wa ndani, kisha nikaenda kumwita Profesa.

"Profesa, naomba uje uangalie kabla hatujafungua bahasha."

Alikaa, akatazama, hakusema lolote. Aliniagiza nizirudie sahani mbili zenye mstari na kuzitia wortmannin, kemikali itokanayo na kuvu inayoizuia PI3K. Katika muda wa dakika chache mistari ile ilianza kufifia, ikakatika vipande vipande, kisha mwanga ukazagaa ndani. Hapo niliona jambo ambalo maandishi hayakuwa yamenifikishia: kwamba hata katika seli isiyo na PTEN, PIP3 haikai tu. Inatengenezwa na kuondolewa wakati wote, na vimeng'enya vingine huipunguza taratibu. Kinachokosekana ni yule mwondoaji mkuu, kwa hiyo hata utengenezaji mdogo wa kila siku unatosha kuijaza.

Bahasha ilipofunguliwa, mistari ilikuwa ya seli zenye plasmidi tupu na za seli zenye G129E. PTEN kamili ilikuwa imeufuta mwanga ukingoni kiasi cha kuzifanya seli zake zifanane na zile ambazo kipimaji chake, yaani kile kipande cha Akt, hakikuweza kuishika PIP3. Asidi amino moja kati ya 403 ilitosha kutenganisha matokeo hayo mawili, na asidi amino hiyo ndiyo iliyokuwa imebadilika kwa watu halisi, katika koo zao, wakaugua. Sioni haya kusema kwamba nilitokwa na machozi. Ugonjwa ambao nilikuwa nimeusoma kama orodha ya dalili ulikuwa mbele yangu kama tatizo la fosfeti isiyobanduliwa.

Miaka iliyofuata iliongeza uzito wa yale niliyoyaona. Mwaka 2004 ilibainika kwamba jeni ya PI3K yenyewe, PIK3CA, hubadilika mara kwa mara katika saratani za matiti, utumbo mpana na nyinginezo, kwa hiyo PIP3 inaweza kuzidi ama kwa kukosa mwondoaji ama kwa kuwa na mtengenezaji asiyetulia. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alpelisibu, dawa inayoizuia PI3K, kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti. Madaktari wanaoitumia hulazimika kupima sukari ya damu kwa makini, maana mara nyingi hupanda. Aliyewahi kuifuatilia PIP3 hashangai: insulini hutumia lipidi hiyo hiyo kuziamuru seli za misuli na za mafuta zipokee glukosi, na dawa haina namna ya kujua kama PIP3 inayoizuia ni ya uvimbe au ni ya mlo wa mchana. Wanaotarajia dawa ya lipidi hizi isiyo na gharama yoyote kwa mwili wanasahau jinsi seli inavyozitumia kwa mambo mengi.

Lakini siku ile Profesa hakunipa nafasi ya kusherehekea. Aliniuliza nilijuaje kwamba mstari ule ulikuwa wa PIP3, ilhali kipande cha Akt hushika pia lipidi nyingine, ile yenye fosfeti katika nafasi za 3 na 4 tu, ambayo hupatikana pale vimeng'enya kama SHIP vinapoibandua fosfeti ya nafasi ya 5. Swali lilikuwa la haki. Jioni hiyo hiyo niliotesha bakteria wenye plasmidi ya GRP1, protini ambayo kipande chake huichagua PIP3 na kuziacha nyingine, na tuliporudia jaribio lote kwa kipimaji hicho kipya mstari ulitokea na kutoweka katika sahani zile zile. Ndipo aliponiruhusu kuanza tasnifu yangu, iliyouliza jinsi PTEN, ambayo muda mwingi huelea ndani ya sitoplazimu mbali na lipidi zake, inavyofika kwenye utando, na kwa nini katika baadhi ya uvimbe huwapo kamili ndani ya seli lakini haifiki.