Jozi yangu ilikula mayai mara tatu

Jioni niliyaacha yamejipanga kwenye kigae kama punje za mtama. Asubuhi kigae kitupu. Enjelfishi wangu, jozi ya samaki wa mapambo ninaowafuga kwenye tangi, walikuwa wameyala yote.

Ilikuwa Julai, hapa Umoja, na umeme ulikatika usiku ule, hita ikazima, maji yakapoa. Nikalaumu baridi ya Nairobi. Mara ya pili umeme ulikuwepo, maji yalikuwa nyuzi 28, na bado waliyala.

Wafugaji wengi huyatoa mayai mapema wakayaangulia pembeni, kwenye maji yenye dawa ya bluu ya kuzuia ukungu. Ukitaka vifaranga wa kuuza, ni sawa kabisa. Mimi nilitaka kuwaona wakilea. Mzee anayeniuzia samaki alinishauri: "Kijana, hao ni wazazi wapya. Ukiwanyang'anya kila mara, watajifunzia wapi?"

Basi nikawahamisha samaki wengine, nikaziba pande tatu za tangi kwa magazeti, nikaacha taa ndogo usiku. Mara ya tatu mayai yalidumu hadi siku ya pili kabla ya kuliwa. Iliniuma, lakini niliona badiliko: mwanzoni dume alikuwa akimgombeza jike tu, sasa walipokezana kuyapepea kwa mapezi.

Mara ya nne jike alidonoa yale meupe peke yake, yaliyoharibika, akayaacha yenye rangi ya asali. Siku mbili na nusu hivi yakaanguliwa. Vifaranga walining'inia kwenye kigae kwa nyuzi za kunata zilizotoka kichwani, mikia ikitetemeka. Mmoja akadondoka. Dume akamfuata, akamfyonza mdomoni, nami nikasema kwisha. Akapanda naye taratibu na kumtema palepale alipotoka.

Siku ya tano baada ya kuanguliwa walianza kuogelea, kawingu kadogo mbele ya mama yao, na nikawalisha atemia changa, aina ya uduvi wadogo sana, ninazoziangua kwenye chupa ya maji ya chumvi.

Mwaka jana dume yule alikufa. Jike nikampa dume kijana ambaye hajawahi kulea. Walipotaga, kijana akaanza kuyadonoa mazima. Jike alimsukuma hadi kwenye kona ya hita akamzuia huko, akayapepea peke yake mchana kutwa. Uzao wa pili nilipotoka kazini nilimkuta kijana kwenye kigae, anapepea, na jike yuko chini anakula.