Siku niliyokalia kiti cha padre

Mwalimu wetu wa dini, yaani katekista wa kigango chetu (kanisa dogo la Kikatoliki chini ya parokia), alipolazwa, paroko alinipigia simu Alhamisi: Jumapili nitaongoza ibada mimi. Mimi ni fundi cherehani huku Kibosho, juu ya Moshi mjini. Kanisani nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya tu, kile kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja. Padre ana vigango kadhaa, kwetu Misa ni mara moja kwa mwezi, na masika barabara ikichafuka hata hiyo tunaikosa.

Jumapili ya kwanza niliharibu. Nilikaa kwenye kiti cha padre, nikanyoosha mikono, nikasema "Bwana awe nanyi," na mwisho nikawachorea watu msalaba hewani. Wakaitikia vizuri tu. Nje, bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akanivuta pembeni: "Mwanangu, umesoma vizuri. Ila upadirisho umepewa lini?"

Jumatatu nikaenda hospitali na daftari. Kumbe Roma ilitoa mwongozo tangu 1988: mlei, yaani muumini asiye padre wala shemasi, anayeongoza ibada bila padre hakikalii kile kiti, hasemi "Bwana awe nanyi," wala habariki watu. Anajiwekea ishara ya msalaba pamoja nao, akisema "Bwana atubariki." Ni "atu" mahali pa "awa," basi. Mwalimu alinieleza akicheka na kukohoa. Papa Fransisko alipoufanya ukatekista kuwa huduma rasmi, Mei 2021, mwalimu alikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini, na posho yake hata sitaki kuitaja.

Kilichonitesa zaidi ni tafakari. Paroko aliniandikia karatasi, nikaisoma, wazee wakasinzia. Ndipo nikaanza kuipeleka Injili ya Jumapili kwenye jumuiya, katikati ya wiki, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi chini ya migomba ya jirani. Wiki ya mfano wa mpanzi, yule ambaye mbegu zake nyingine ziliangukia njiani zikaliwa na ndege, mama mmoja aliyetoka kukata majani ya ng'ombe, mundu bado mkononi, akauliza: "Mimi nikipanda mahindi kule tambarare, nafukia kila shimo, la sivyo kunguru wanamaliza. Huyu mpanzi mbona hafukii?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Jumapili nikasimama, kwenye mimbari ya masomo, nikalirudia swali lake vilevile. Hakusinzia mtu. Walilibeba mpaka njiani, wengine mpaka kilabuni.

Mwalimu alipona, nami nikarudi kwenye cherehani yangu. Lakini kila Jumamosi jioni hupita dukani, anaegemea mlango na kuuliza, "Haya, jumuiya imesemaje?"