Kumi na tano mia, tatu na tisini

Kuna neno moja la Kijerumani lililoninyima usingizi: fünfzehnhundertdreiundneunzig. Ndio mwaka 1593, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Mjerumani hasemi elfu moja mia tano tisini na tatu kama mimi na wewe. Husema kumi na tano mia, kisha anatanguliza ile tatu, tisini inakuja nyuma. Yote hayo neno moja, bila hata nafasi ya kumeza mate.

Mimi hutembeza wageni Mji wa Kale. Kijerumani nilikisoma miaka miwili, jioni baada ya magharibi. Der, die na das hazikunitisha. Mtu aliyelelewa na ngeli za Kiswahili ataogopa jinsia tatu? Ile ch ya acht na Nacht nayo ni khe yetu ya chuoni, ile ya kheri, ambayo maalim alitutia kwa kiboko. Kwenye daftari nilikuwa bingwa. Mdomoni, bubu.

Siku ya kwanza nilipewa wazee wanne kutoka Hamburg. Tukafika chini ya ukuta, neno likanikwama kooni kama mwiba wa changu. Nikachutama nikaandika 1593 kwa kidole kwenye vumbi. Wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, labda wakidhani ndio desturi ya hapa. Jasho likanitoka, nikaona bora niseme nasikia joto: ich bin heiß. Mama mmoja mwenye kofia akageuka kutazama bahari. Mwalimu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba nilikuwa nimewatangazia wazee wa watu kuwa nina ashiki. Ilitakiwa mir ist heiß, yaani kwangu mimi kuna joto. Nikarudi kwenye Kiingereza, na Kijerumani nikakifungia daftarini.

Sasa, pale langoni kuna jamaa anauza madafu, mzaliwa wa Kisii. Sisi humwita Bara. Atakwambia "hii mtu ameniletea hiyo madafu mbichi", na mimi ndiye niliyekuwa mwigizaji wake mkuu. Nikishika tu kikombe cha kahawa barazani, watu husema haya, tuletee Bara. Watu wa Mombasa tunajijua: mgeni akikosea ngeli, kicheko kinafika Likoni kabla hajamaliza sentensi.

Jioni moja nikiwa katikati ya maigizo, nikaona wenzangu wamenyamaza. Kumbe yuko nyuma yangu. Hakukasirika. Akaagiza kahawa, akachukua na kashata, akanirekebisha: "Hapo umekosea. Mimi husema hiyo madafu, si hii madafu." Baraza zima likaangua kicheko, safari hii kwangu. Kisha akaniuliza polepole, "Leo nimeuza 35 na hiyo Kiswahili yangu. Wewe na Kijerumani yako umetembeza wangapi?"

Nililala na swali lile. Wale wazee wa Hamburg hawakunicheka hata kidogo. Kicheko nilichokuwa nikikisikia kila nilipofungua mdomo kilikuwa changu mwenyewe, cha barazani. Kila Mjerumani nilikuwa nimemvisha sura yangu.

Wiki ile akaja mzee mmoja na mkewe. Kabla ya lolote nikawaambia, ich mache Fehler, bitte helfen Sie mir: nitakosea, naomba mnisaidie. Mzee akafurahi kama aliyepewa kazi. Mwaka 1593 nilivunja vipande viwili, akaniunganishia. Nikasema der Festung, yaani ngome, akasema die. Tulipofika kwenye habari za Waomani walivyoizingira ngome kuanzia 1696 hadi 1698, miezi 33, nikatamka dreiunddreißig bila kusita. Mungu ana huruma: tatu na thelathini, hata ukianza kichwa au mkia mgeni atashika. Tulichukua saa mbili na nusu badala ya moja na nusu, na nusu ya ziada ilikuwa ya kurekebishwa, nusu ya stori za wajukuu wao, ambazo nilielewa kama robo.

Tulipotoka nikawapeleka kwa Bara wakanywe dafu. Akawa anatusikiliza huku anachonga kwa panga.

"Hiyo maneno yote umeongea ni Kijerumani?"

"Ndiyo."

Hiyo maneno. Ulimi uliniwasha, wallahi. Nikanywa dafu langu.