Tiara Iliyokataa Kuangukia Kulia

Jumamosi alasiri nilikwenda na binti yangu wa miaka minane kwenye uwanja ulio wazi, tukarushe tiara tuliyoiunda wenyewe kwa fito mbili, karatasi, gundi na uzi. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha mambo mengi, lakini muda mwingi niliupitisha kando, mikono nyuma, nikijizuia kusema.

Tiara ilipanda mita chache, ikainama upande wa kushoto, ikazunguka na kujibwaga kichwa chini. Akairusha tena, ikaanguka vilevile. Baada ya mara ya tatu akaniambia kwa uchungu, "Baba, upepo wa leo mbaya." Ulimi ulikuwa ukiniwasha, kwa kuwa kosa nilikwisha kuliona, lakini nikamuuliza tu inaangukia wapi. Akairusha mara mbili zaidi, safari hii akiitazama badala ya kuikasirikia, kisha akasema, "Kama ni upepo, mara nyingine ingeangukia kulia."

Hoja hiyo hakuipata kwangu. Mtoto akikosea hesabu husubiri mwalimu amwambie, lakini akikosea tiara huambiwa na tiara yenyewe, papo hapo, bila kufokewa wala kupewa alama, na anaweza kuiuliza tena mara ishirini bila kumchosha mtu. Aliulaza ufito wa kati juu ya ncha ya kidole chake, na bawa la kushoto likashuka. Pale pembeni gundi ilikuwa imerundikana ikakauka na kuwa donge gumu. (Gundi hiyo niliimimina mimi, na hakusita kunikumbusha.) Akaibandua kwa ukucha, kidogo kidogo, akipima kila baada ya muda, hadi mabawa yakawa sawa. Kisha akaongeza kitambaa kwenye mkia ili isiyumbe sana.

Ikapanda. Hakuhitaji hata kukimbia, jambo ambalo sisi watu wazima huwahimiza watoto kulifanya kana kwamba tiara hupaa kwa miguu yao. Upepo ukiwa wa kutosha, inatosha mtu mmoja kuishika tiara hatua kadhaa mbele, upande ule upepo unakoelekea, na mwenye uzi akavuta taratibu.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi kwa mikono yake kuliko kwa akili yake. Tiara inapoanza kupiga mbizi, mkono hutaka kuvuta kwa nguvu, kumbe kuvuta ndiko kunakoiongezea kasi ya kushuka. Ukilegeza uzi kidogo, mara nyingi hujiinua yenyewe. Nilimweleza, akaitikia, na bado akavuta. Ilimbidi aivunje pembe moja ya karatasi ndipo vidole vyake vikakubali. Kuhusu nyaya za umeme na mawingu ya radi sikumwachia ajaribu: hayo nilimkataza moja kwa moja, na sioni haja ya kuyajadili.

Tulipokaa kupumzika nilimsimulia habari za Homan Walsh, kijana ambaye mwaka 1848 alirusha tiara kuvuka korongo la mto Niagara, kati ya Marekani na Kanada, ili uzi wake uwe wa kwanza kufika ng'ambo. Kwa uzi huo ikavutwa kamba nene zaidi, kisha nyingine, hadi kazi ya daraja ikaanza. Wasimulizi wengi huharakia daraja. Mimi hupenda zaidi kipande cha katikati, pale uzi wake ulipokatika naye akakwama siku kadhaa upande wa pili, kwa sababu barafu ilizuia mashua kuvuka. Binti yangu hakuuliza lolote kuhusu daraja. Aliuliza kama kijana yule alilia, na kama alipopata nafasi ya kurusha tena alianza kwa kuutazama uzi wake.

Upepo ulikatika kabla ya magharibi, tiara ikashuka polepole, na yeye akaukunja uzi kwenye kijiti huku akinikataza kumsaidia. Usiku nilipokwenda kuzima taa nilimkuta ameketi kitandani, tiara ikining'inia juu ya kidole chake, akiitazama kwa jicho moja. "Sasa inaegemea kulia, Baba," alisema. "Kidogo tu."