Siku moja na feni la upepo Msimbati

Saa 11 alfajiri. Hata mswaki sijapiga nishashika simu kuangalia grafu ya mtambo, yani hilo feni linalozalisha umeme, nakuta imekatika toka saa 7 usiku, sifuri tupu, na huu ni mwezi wa saba kusi limekaza, upepo hauwezi kuwa sifuri. Modemu, ile inayotuma data kwenye simu, nikiiita inajibu. Kontrola, kifaa kinachoongoza umeme wa feni kwenda kwenye betri, ndo kimya.

Saa 1 na nusu niko kwenye boda, tunapita Madimba vumbi mpaka mdomoni.

Saa 3 nafika. Shikamoo mzee. "Marahaba fundi, mbona linazunguka vizuri tu?" Na kweli linazunguka, ila hapo ndo pananitia wasiwasi zaidi, maana upepo ukikaza mara mbili nguvu yake inapanda mara nane, na betri zikishajaa kontrola inatakiwa ihamishie umeme kwenye hita, isipofanya hivyo jenereta inabaki haina mzigo na mapanga yanakimbia mpaka yavunjike. Sasa kontrola isiposema, mimi niko mjini nitajuaje kama hita imeshika?

Nasubiri upepo utulie kidogo ndo nafunga breki, yani nashikanisha nyaya zote tatu za jenereta, mapanga yanakuwa mazito yanazunguka polepole. Nazima umeme wa kisanduku, napima laini ya RS485, yani zile nyaya mbili A na B zinazopeleka data kati ya kontrola na modemu, kutokea upande wa modemu. Kila mwisho wa laini una rizista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba ukinzani unakuwa nusu, kwa hiyo testa ilitakiwa isome kama 60. Inasoma 120. Basi nimeshajua, waya umekatika katikati na upande wa kontrola hauonekani.

Saa 5 nimeupata. Waya wa B, pale unapoingia kwenye kontrola, shaba imegeuka kijani ikaliwa yote ndani ya plastiki, kwa nje huoni kitu. Mpira wa tundu la waya ulipasuka, hewa ya chumvi ikawa inaingia tu humo ndani. Inaniuma kweli, mpira mdogo vile.

Nakata, namenya, nabana kichwa kipya, naziba tundu na silikoni, narudisha umeme, naachia breki. Saa 7 data hizo, upepo mita 8 kwa sekunde.

Sikuondoka. Nimekaa na mzee tunakula muhogo mpaka saa 10, betri zimefika volti 57, hita ikashika, mzee akasogeza kiganja akasema "eeh, imepata moto", na kwenye simu nayo ikaandika imewaka.