Kunguru, dagaa na karatasi za steshenari

Ukifanya kazi steshenari hukosi karatasi zilizoharibika. Mashine ikitafuna, wino ukichafua pembeni, mteja akibadili mawazo kopi zikiwa zimeshatoka: upande wa pili bado ni mweupe. Katuni yangu ya kunguru imeanzia nyuma ya karatasi za namna hiyo, nyuma ya barua za kuomba kazi na ratiba za mitihani za watu, hapa hapa Mwanga, Kigoma.

Imekamilika wiki hii. Ni ya dakika mbili na nusu, imechorwa kwa mkono, na ni ya watoto wadogo, wale wa chekechea hadi darasa la pili. Binti anaitwa Zuhura. Bibi yake amempa kazi ya kulinda dagaa walioanikwa mchangani. Kunguru anakuja. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Walioniuliza "halafu?" niliwajibu kwamba halafu kunguru anakula au hali, na kwa mtoto aliyekulia Kibirizi au Katonga hilo si jambo dogo hata kidogo.

Hesabu ndiyo inayowakimbiza wengi, kwa hiyo tuimalize. Sinema huenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Wachora katuni huwa wanaushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja inakula michoro 12, dakika moja 720. Dakika mbili na nusu ni michoro 1,800, na rimu ina karatasi 500. Ukiishia hapo utafunga daftari ukalale. Lakini si kila kitu kinachorwa upya. Ziwa langu lina michoro minane tu, inazunguka, wa nane unaingia kwenye wa kwanza bila mshono na jicho halishtuki. Zuhura akisimama, mwili wake ni mchoro mmoja, pindo la gauni peke yake ndilo linalopepea.

Na pale kunguru anaposubiri, sichori kitu.

Hapo nataka kukaa kidogo. Kunguru wetu, huyu mwenye kola na kifua cheupe, akitaka kuiba haji moja kwa moja. Anatua mbali. Anaangalia upande wa ziwa kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Anaruka kwa ubavu, hatua mbili, anasimama. Ukimgeukia, ana shughuli nyingine kabisa. Nimekaa sana Kibirizi na daftari langu, akina mama wakigeuza dagaa na kuniuliza kama nimetumwa na ofisi ya kodi, na nilichojifunza ni kwamba wizi wote wa kunguru uko kwenye kutulia. Katuni nyingi ambazo watoto wanatazama kwenye simu za wazazi hazitulii: kila kitu kinaruka, kinabadilika, kinapiga kelele, mtoto hapewi hata sekunde ya kukisia kitakachofuata. Mimi nikampa kunguru sekunde mbili nzima, fremu 48, mchoro mmoja. Kinachocheza ni jicho tu. Ndege wana utando mwembamba unaofuta jicho kuanzia upande wa mdomo kwenda nyuma, mweupe mweupe hivi, unapita upesi sana. Niliuchora kwa michoro miwili, na hiyo miwili imempa uhai kuliko mabawa yote niliyohangaika nayo.

Kuruka kwake nako kuna siri ya uzito. Kabla ya kwenda juu lazima ashuke: anachuchumaa, shingo inazama, ndipo anapochomoka. Ukiiacha hiyo hatua anapaa kama mfuko wa plastiki. Nachora kwanza mkao wa kuanzia na wa kumalizia, halafu najaza katikati. Michoro ikikaribiana, mwendo ni wa taratibu. Ikiachana, ni wa kasi. Pembeni mwa kila karatasi nina kimstari chenye alama za wapi michoro ya katikati iangukie, na mteja mmoja alipokiona akadhani nanyoosha ramani ya kiwanja.

Vifaa vyote ni vya mtaani. Ili karatasi zisihame, nazitoboa kwa panchi ya kawaida ya ofisini, matundu yake yameachana sentimita 8, na seremala amenitengenezea kipande cha mbao chenye vijiti viwili vinavyoingia humo. Juu yake kioo cha dirisha, chini ya kioo taa. Taa yenyewe ni ile ya wavuvi wa dagaa, ya betri, inayouzwa kwenye maduka ya nyavu. Kule ziwani inawaita dagaa juu usiku wa giza, kwangu inanionyesha mchoro wa chini kupitia karatasi ya juu. Nina taa mbili za aina hiyo, ya pili ni ya kupigia picha. Nafunga madirisha, naifunga simu kwenye stendi, nazima ile tabia ya kamera ya simu kujirekebishia mwanga yenyewe. Ukipigia picha mchana, wingu moja likipita juu ya ziwa, katuni nzima inapepesa. Taa ya umeme wa ukutani nayo huweza kuacha mistari kwenye picha za simu.

Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kuchora wahusika kwenye plastiki angavu na kuwalaza juu ya mandhari moja. Kabla ya hapo wachoraji waliweza kujikuta wanarudia mlima ule ule karatasi baada ya karatasi, na mlima unatetemeka kwa sababu hakuna mkono unaorudia mstari sawasawa. Plastiki ninazo, zile za juu za kubaindia ripoti, ila kuzimaliza kwenye kunguru ni kula mtaji wa mwenye duka. Natumia Krita, programu ya bure ya kuchorea kwenye kompyuta, inayofanya weupe wa karatasi upotee na mandhari ya chini kuonekana. Nilimchagua kunguru kwa kuwa keshakuja na rangi zake, nyeusi na nyeupe, nikajiona mjanja. Kumbe weupe wote unapotea, hata wa kifuani. Ikabidi kila kifua kipakwe kimoja kimoja.

Sauti ilikuja kabla ya midomo, maana mdomo hufuata sauti. Bibi wa Zuhura ni mama mkubwa wangu wa Ujiji. Sentensi yake ni moja, "We Zuhura, unalinda au unaota?", na hakuisema namna moja mara mbili, kila nikimrekodi anaongeza ukali, mwisho akaanza kunigombeza mimi. Midomo yenyewe ni rahisi kwetu. Irabu tano, midomo mitano. Mmoja uliofumba kwa m, b na p, mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Saba, na bibi anaongea.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mpira, mwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu aliniachia skrini. Watoto walijaa hadi mlangoni. Kwenye zile sekunde mbili za kunguru, mtoto mmoja wa mbele alipiga kelele, "Zuhura, nyuma yako!", na wote wakadakia. Zuhura hakugeuka, bila shaka, keshachorwa.

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa alikuwa amesimama nyuma na mwanawe mgongoni. Hakucheka sana. Alipotoka aliniambia, "Dada, huyo bibi atauza bei gani dagaa wenye mchanga? Mjengee kichanja." Nilimweleza kwamba kunguru anahitaji uwanja wa kuruka ubavuubavu, kichanja kitaniharibia mchezo. Akasema kunguru wa kichanjani ndio wabaya zaidi, wanatua kwenye wavu na kuchomoa dagaa kwa chini. Nimeshaanza kumchora huyo wa kuning'inia, miguu juu kichwa chini.

Anayeitaka katuni ya kwanza aje dukani saa za kazi. Kuhamishia kwenye simu ni bure, flashi uje na yako.