Presha ya shemeji na cheti chake cha kuruka

Shemeji yangu ni rubani wa ndege ndogo, ile anayoendesha peke yake na abiria wachache. Ameshavuka miaka 40, kwa hiyo kwa kazi hiyo cheti chake cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 6, si 12 kama cha vijana. Kilipokaribia kuisha alikuja kwangu Mwanga, hapa Kigoma, akasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, nipime, ila usiandike."

162/100.

Hiyo "usiandike" ilinitisha kuliko presha yenyewe. Kumbe duka moja la dawa lilishamuuzia methildopa, dawa ya presha, bila karatasi ya daktari. Dawa hiyo husinzisha! Mtu aimeze kimyakimya, kisha awe juu ya Ziwa Tanganyika na roho za watu?

Nikamweleza kwamba kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hazimkatai mwenye presha iliyotulia, wala kila dawa ya presha. Zinakataa dawa isiyopatana na urubani. Ila haruki mpaka daktari wa anga, yule anayepima marubani, aseme. Alininunia siku mbili.

Mimi ni muuguzi tu, kwa hiyo kazi yangu ikawa daftari. Asubuhi na jioni, akae dakika 5 kwanza, mkono mezani, apime mara mbili. Daktari alimwanzishia amlodipini. Vifundo vya miguu vikavimba, tukaandika, akabadilishiwa losatani. Vita kubwa ilikuwa chumvi. Anapenda migebuka mikavu, nasi ni majirani wa Uvinza, kwenye chumvi yenyewe! Mdogo wangu akawa anailoweka migebuka hiyo usiku kucha na kumwaga maji.

Dar es Salaam alikwenda kama abiria, akikosoa rubani alivyotua. Alibeba daftari, kipimo cha umeme wa moyo, majibu ya figo na sukari, na barua ya daktari yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya kuanza. Daktari wa anga akamvisha mashine ya presha ya saa 24, inayobana mkono hata usingizini. Cheti akapata, kwa sharti la kupeleka taarifa ya presha kila anaporudi kupimwa.

Sasa kaniletea rubani mwenzake mwenye kisukari, naye anataka daftari. Huyo anachoma insulini, na hapo kanuni ni ngumu mno. Nilimwambia hivyo kabla hajakaa.